Kwa nini sauti tamu ya mwimbaji hugeuka kali ikirekodiwa

Chukua mfano wa kijana wa Silanga, mtaani Kibera, ambaye anapoimba mlangoni pa nyumba yao bila ala yoyote, majirani huacha shughuli zao wakamsikiliza. Wimbo uo huo ukirekodiwa katika studio ya chumba kimoja, kisha ukachezwa kwa rununu, majirani wale wale ndio wanaoomba upunguzwe. Kila neno lenye s humchoma msikilizaji sikioni, irabu zilizopaazwa hukwaruza kama msumeno unaokata bati, na wimbo unapofika katikati mtu amekwisha kuchoka bila kujua kilichomchosha.

Kijana huyo amelipia saa zake za studio kwa pesa za kibarua. Akiupeleka wimbo kwenye kituo cha redio, mtangazaji huusikiliza kwa sekunde chache kisha akauweka kando. Atakaloambiwa, au atakalojiambia mwenyewe, ni kwamba sauti yake si ya kuimba. Wapo walioitupa sanaa kwa sababu ya hukumu kama hiyo, ilhali aghalabu kosa halikuwa la koo lao. Lilikuwa la mnyororo wa vyombo ulioanzia kwenye maikrofoni na kuishia kwenye spika, ambapo kila kiungo kiliongeza ukali kidogo juu ya ule wa kiungo kilichotangulia.

Tuanze na sikio lenyewe, maana ukali huhisiwa na msikilizaji wala si na mashine. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5, na limezibwa upande wa ndani na kiwambo. Kama ilivyo kwa filimbi iliyozibwa ncha moja, tundu hilo huitikia zaidi sauti zenye mitetemo ipatayo 3,000 kwa sekunde. Ndiyo sababu masikio yetu ni mepesi mno kwa sauti zilizo kati ya mitetemo 2,000 na 5,000, kuliko yalivyo kwa zile zilizo chini ya hapo. Chombo kinachotia chumvi katika eneo hilo hakihitaji kutia nyingi kabla msikilizaji hajakunja uso.

Wasomaji waliopitia fonolojia ya Kiswahili shuleni watavikumbuka vikwamizi. Mtu anapotamka s, hewa hubanwa kati ya ulimi na ufizi, ikatoka kwa msukosuko usio na noti yoyote. Nguvu nyingi ya msukosuko huo hukaa kati ya mitetemo 5,000 na 9,000 hivi kwa sekunde. Sh huanzia chini zaidi, karibu kabisa na lile eneo ambalo sikio ni jepesi. Lugha yetu nayo haina ubahili wa sauti hizi. Tunakanusha kwa si, tunajitaja kwa sisi, na kauli ya kutendesha hutuletea furahisha, safisha na changamsha. Hata salamu ya vijana wa Nairobi, sasa, ina vikwamizi viwili katika silabi mbili. Mwimbaji wa Kiswahili kwa hiyo humpa fundi sauti kazi hiyo hiyo tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Kizazi cha zamani hakikuwa na lalama hizi, na sababu yake ni ya kiufundi. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, maikrofoni za umeme zilikuwa na miaka mitatu tu tangu zianze kuchukua nafasi ya zile pembe kubwa ambazo waimbaji walikuwa wakipazia sauti ndani yake. Sahani za santuri za wakati huo hazikuweza kubeba mitetemo ya juu sana, na vikwamizi vingi vilizama katika ule mvumo wa sindano. Jijini Nairobi, enzi za Equator Sound na kina Fadhili William na Daudi Kabaka katika miaka ya 1960, sauti ilinaswa kwa utepe wa sumaku. Utepe una tabia njema: sauti ikiuzidia nguvu, hauikati ghafla bali huiviringisha kilele chake, hasa katika masafa ya juu. Kikwamizi kilichoingia kikiwa kikali kilitoka kimepigwa randa.

Tarakilishi ndiyo iliyoyageuza mambo. Mapema miaka ya 2000, studio kama Calif Records katika mtaa wa California, Eastlands, zilionyesha kwamba muziki unaoweza kutikisa nchi nzima waweza kutengenezwa mtaani, mbali na majumba makubwa ya kurekodia. Huo ulikuwa ukombozi, na sisemi kinyume. Ila tarakilishi hubeba kila kitu inachokabidhiwa na maikrofoni bila kukipunguzia makali, na maikrofoni zilizofika mikononi mwa vijana wakati huo zilikuwa na kasoro ambayo wengi hadi leo hawajaelezwa.

Kasoro hiyo ina historia yake. Mwaka 1960 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitoa maikrofoni iliyoitwa U 67. Ilikuwa ya kondensa, yaani aina ambayo ndani yake mna kiwambo chembamba sana chenye chaji ya umeme, ambacho hutikisika hata kwa pumzi hafifu. Wahandisi wake walikitengeneza kiwambo hicho kwa makusudi kiongeze sauti za juu. Kisha, katika saketi iliyofuata, wakazishusha sauti hizo kwa kiasi kile kile. Kupandisha huku na kushusha kule kulisaidia kupunguza ule mvumo wa vifaa vyenyewe, na kilichotoka mwishoni kilikuwa na mizani.

Miaka mingi baadaye, viwanda vya bei nafuu vilipoanza kumwaga maikrofoni za kondensa duniani, vingi vilinakili kiwambo cha jamii hiyo, lakini vikakiunganisha na saketi rahisi isiyoshusha chochote. Nusu ya kwanza ya hesabu ikabaki bila nusu ya pili. Maikrofoni hizo humulika sauti za juu kupita kiasi, hasa pale pale vikwamizi vinapokaa. Dukani, mnunuzi huipenda. Akiipima kwa dakika moja husikia sauti inayong'aa, akadhani ndio usafi. Mng'ao huo ndio utakaomchosha akiwa amepanga nyuzi kumi za sauti moja juu ya nyingine, kila uzi ukiwa na s zake.

Si lazima basi kukimbilia maikrofoni ghali. Aina ya dainamiki, ambayo kiwambo chake husukuma waya uliozungushwa ndani ya sumaku, ni nzito kidogo kuitikia, na kwa sababu hiyo haivishabikii vikwamizi. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo sura yake yajulikana kutoka makanisani hadi kwenye mikutano ya kisiasa, huishia mitetemo 15,000 kwa sekunde. Ndugu yake SM7 ndiye aliyetumiwa kurekodi sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982, na hakuna aliyewahi kusema sauti ile ilikosa mng'ao. Anayekwenda Luthuli Avenue kununua ajihadhari tu: maikrofoni hizi ni miongoni mwa zinazoigizwa sana duniani, na nakala bandia huwa na jina la kampuni bila kuwa na sauti yake.

Baada ya maikrofoni, chumba. Silanga ni mojawapo ya vijiji vya Kibera vilivyo karibu na Bwawa la Nairobi, lile lililojengwa mwaka 1953, na jina lenyewe ni neno ambalo Wakenya wengi hulitumia kwa maana ya bwawa. Nyumba zake nyingi ni za chumba kimoja, zina paa la mabati, na kuta za udongo, za mabati au za kupigwa lipu ya saruji. Ukuta mgumu huirudisha sauti, na katika chumba kidogo sauti iliyorudishwa haichelewi vya kutosha kusikika kama mwangwi. Ikiwa imesafiri mita moja zaidi ya ile iliyofika moja kwa moja, huchelewa kwa sehemu 3 tu za elfu moja ya sekunde. Sauti mbili zinazofuatana kwa karibu namna hiyo hufutana katika masafa fulani na kuongezana katika mengine, moja baada ya jingine, kama meno ya kitana. Sikio halihesabu meno hayo. Husema tu kwamba mtu huyu anaimbia ndani ya debe.

Dawa iliyozoeleka ni trei za mayai. Nimeziona zikifunika kuta nzima, zimepakwa rangi na kupangwa kwa ustadi wa kupendeza. Kwa masikitiko, trei ya karatasi haizuii sauti kutoka wala kuingia, na inachofyonza ni kidogo, tena katika sehemu finyu ya masafa. Povu jembamba la godoro ni afadhali, lakini nalo hufyonza sauti za juu peke yake na kuiacha ile ya debe ikitamba kule chini. Hapo fundi husikia wimbo umefifia, akanyoosha mkono kwenye ikwalaiza na kuongeza masafa ya juu ili kuuchangamsha. Ukali uliofukuzwa kupitia ukutani umerejeshwa kwa mlango wa mbele, na safari hii ukiwa umeongozana na kila kikwamizi.

Blanketi nzito mbili zilizokunjwa na kuning'inizwa kwa umbali wa kiganja kutoka ukutani hufanya kazi kuliko trei mia. Muhimu zaidi ni mahali zinapotundikwa. Wengi huziweka nyuma ya maikrofoni, mbele ya macho ya mwimbaji, kwa kuwa huko ndiko sauti inakoelekea. Lakini maikrofoni nyingi za kuimbia zimeundwa kuupuuza upande wao wa nyuma na kusikia wa mbele. Kinachoingia ndani yake ni sauti inayorudi kutoka nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Blanketi ya kwanza, kwa hiyo, hutundikwa mgongoni pake.

Umbali nao huamua mengi bila kugharimu hata ndururu. Mwimbaji aliyebandika midomo kwenye maikrofoni hupata besi ya ziada, na wengi huipenda, ila pia hupata vipasuo vinavyolipuka na vikwamizi vinavyopuliza moja kwa moja kwenye kiwambo. Umbali wa sentimita 15 hadi 20 watosha kwa waimbaji wengi. Vilevile maikrofoni isielekezwe katikati ya kinywa. Ikigeuzwa kidogo pembeni, au ikiinuliwa usawa wa pua na kuinamishwa, ile mikondo ya s hupita kando. Sauti za juu husafiri kama tochi, zikimulika mbele tu, ilhali zile za chini husambaa kama joto la jiko. Kugeuza maikrofoni nyuzi 30 hivi hupunguza vikwamizi na kuiacha sauti yenyewe karibu kama ilivyokuwa.

Tumekwisha taja mkwaruzo wa aina mbili, ule wa vikwamizi na ule wa chumba. Upo wa tatu, na huu ndio mbaya zaidi kwa sababu hauna tiba baada ya kutokea. Kila chombo cha kidijitali kina dari. Sauti ikiigonga, kilele chake hukatwa kikawa bapa, na penye ubapa huo huzaliwa mitetemo mipya ambayo mwimbaji hakuitoa kamwe, mingi yayo ikiangukia lile eneo ambalo sikio ni jepesi. Utepe wa zamani uliviringisha, tarakilishi hukata. Wale wanaoimba kwa kupaza, na nyimbo za injili na za kufokafoka zina wengi wao, ndio wanaoathirika, maana fundi hupima kiwango wakati mwimbaji anasema "moja, mbili" kwa sauti ya mazungumzo, halafu kibwagizo kinapofika taa nyekundu huwaka.

Hofu ya kurekodi kwa kiwango cha chini ni masalio ya zama nyingine. Mfumo wa biti 24 una nafasi ya kinadharia ipatayo desibeli 144 kati ya ukimya na dari, ikilinganishwa na 96 za biti 16. Fundi anaweza kuacha desibeli 10 au 12 tupu hapo juu na asipoteze chochote. Waliounganisha maikrofoni moja kwa moja kwenye tundu la tarakilishi hawana anasa hiyo, kwani saketi ndogo iliyomo ndani hukuza sauti kwa pupa na kuongeza mvumo wake. Kisanduku cha nje cha kuunganishia maikrofoni, hata cha bei ya chini, ni matumizi bora ya pesa kuliko maikrofoni ya pili.

Twafika kwa spika za studio. Fundi hurekebisha anachosikia, na anachosikia hutegemea spika zake. Zikiwa zimefifia, ataongeza ukali asioujua. Zikiwa kali, ataupunguza hadi wimbo ukose uhai. Kuhusu hili kuna kisa ambacho mafundi hawachoki kukisimulia. Yamaha NS-10, spika ndogo yenye koni nyeupe iliyotoka mwaka 1978, ilienea katika studio za dunia nzima ijapokuwa sauti zake za juu zilikuwa kali mno. Mafundi waliamua kuufunika mdomo wake wa juu kwa karatasi ya shashi, ile ya msalani, na mabishano yakazuka kuhusu karatasi ipi inafaa na iwe tabaka ngapi. Spika hiyo iliacha kutengenezwa mwaka 2001. Kwa studio ya Silanga isiyo na spika za uhakika, njia ni kulinganisha: fundi acheze wimbo uliotengenezwa vizuri, kwa kiwango kile kile cha sauti, kisha wa kwake, kisha arudie. Tofauti hujitangaza yenyewe.

Wimbo ukishatoka studioni haujasalimika. Ukibanwa kuwa faili ndogo ya MP3 ili utumwe kwa urahisi, programu huanza kutupa inachodhani sikio halitakikosa, na vikwamizi, kwa kuwa havina mpangilio wa noti, ndivyo vigumu zaidi kuvibana. Ndiyo maana s katika faili iliyobanwa sana huwa na mlio wa maji yanayochururika. Wahandisi wa Ujerumani waliounda mfumo huo walilijua tatizo la sauti ya mtu, na mojawapo ya nyimbo walizozitumia kuupima ilikuwa Tom's Diner wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke mmoja bila ala.

Redio nayo ina desturi yake. Kibera imekuwa na kituo chake, Pamoja FM, tangu mwaka 2007, na kwa wasanii wa mtaani kusikika hapo kulikuwa hatua ya kwanza. Matangazo yote ya FM hutumia hila ile ile ya Neumann: kituo hupandisha sauti za juu kabla ya kuzirusha, na redio ya nyumbani huzishusha ili mvumo wa angani upungue. Wimbo wenye mizani hupita salama. Wenye vikwamizi vikali hupandishwa juu zaidi, ukagonga kizuizi cha mtambo, na kizuizi kikaukandamiza wimbo mzima kila s inapopita au kikaikata ile s yenyewe. Mtangazaji mwenye uzoefu husikia dalili hiyo mapema. Zile sekunde chache alizousikiliza wimbo wa kijana wetu pengine zilitosha kumjulisha kwamba wimbo huo ungesumbua hewani, ingawa hakumweleza.

Kisha kuna matatu. Magari ya njia nambari 8 yanayohudumia Kibera, kama ya njia nyingine za jiji, hufungwa spika za besi kubwa na vidude vidogo vya sauti za juu karibu na masikio ya abiria, na sauti ya mwimbaji hukaa katikati, mahali ambapo mitambo hiyo haijali sana. Fundi anayetaka wimbo wake upenye humo hushawishika kuusukuma hadi ukutani, kila kitu kikiwa na nguvu sawa. Msukumo huo una faida ndogo kuliko zamani. Majukwaa kama YouTube na Spotify hupima nguvu ya wimbo na kuushusha uliozidi, hivyo uliopondwapondwa ili uwe na kelele huchezwa kwa kiwango sawa na ule uliohifadhiwa, ila wenyewe umekwisha kupoteza pumzi.

Kwa aliyekwisha rekodi na hawezi kurudia, zipo programu ziitwazo diesa, ambazo hungoja kikwamizi na kukishusha kwa muda ule tu kinapopita. Zitumiwe kwa kiasi, kwani zikizidi mwimbaji huanza kusikika ana kithembe. Fundi mwenye subira huacha programu, akaitafuta kila s kwa macho kwenye kioo cha tarakilishi na kuishusha kwa mkono. Wimbo wa dakika tatu na nusu huweza kuchukua alasiri nzima. Ikiwa alikwisha kuipitisha sauti kwenye kikandamizi, kazi ni kubwa maradufu, kwa kuwa kikandamizi hushusha irabu zenye nguvu na kuviinua vikwamizi vilivyokuwa nyuma. Ndiyo sababu vikwamizi hupunguzwa kabla ya kukandamiza.

Jaribio la bure ni hili. Kabla ya saa za kulipiwa kuanza, mwimbaji aimbe mstari mmoja wenye s nyingi mara tatu: akiwa karibu na maikrofoni, akiwa umbali wa shubiri moja, na akiwa umbali huo huo maikrofoni ikiwa imegeuzwa pembeni. Sauti hizo tatu zisikilizwe kwa rununu, si kwa spika za studio, na zisikilizwe na mtu asiyejua ipi ni ipi. Jaribio lote ni la dakika kumi, nalo lifanyike wakati hakuna mvua. Manyunyu yakianza kugonga mabati ya Silanga hakuna diesa, blanketi wala maikrofoni ya Kijerumani itakayosaidia, na studio zote hufanya jambo moja: huzima mitambo na kungoja.